Korongo Aliyemeza Mlinzi

Jumatatu, 2 Agosti 1954

Korongo amekuja leo asubuhi. Wa kijivu, rangi ileile ya kanzu ya Sista Benigna, na kichwa chake kinanifika kifuani. Alisimama ukingoni mwa bwawa la Baba kama mgeni aliyefika karamuni mapema. Nilimtazama kupitia dirisha la jikoni. Naye akanitazama. Mimi ndiye niliyeinamisha macho.

Bwawa liko nyuma ya nyumba, kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao hauachii maji. Baba alilichimba mwenyewe. Alifanya kazi miaka mingi chini ya ardhi katika mgodi wa dhahabu kule Geita, na hajui kuchimba kwa namna nyingine. Kuta zimesimama wima kama ukuta wa nyumba, na hata pembeni kabisa maji yananifika shingoni. Nusu ya kijiji chetu cha Kharumwa ilikuja kumuuliza kama ameona dhahabu. Bwana samaki wa serikali ndiye aliyetuletea vifaranga vya perege ndani ya debe. Sasa wamekuwa wakubwa kama kiganja cha Baba, na kiganja cha Baba si kidogo.

Baada ya chakula Baba amesema jambo zito. Jumapili ya tarehe 15, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Sista Benigna wa misheni atakuja kula kwetu na kumwomba aniruhusu niende chuo cha ualimu. Shangazi Nyamizi wa Buseresere naye ananitaka, nikamlelee watoto, na kila mwaka ana mpya. Kwa hiyo Baba amekata shauri. Kuanzia leo mimi ndiye mlinzi wa bwawa. Perege wakifika mezani siku ya sikukuu, naenda chuoni. Wasipofika, naenda Buseresere. Amesema mtu anayeshindwa kulinda samaki, ambao hawana hata miguu ya kutoroka, atawezaje kulinda watoto wa watu.

Nilisema ndiyo Baba. Akaniambia, "Sema tena, mama, sikusikia."

Hilo la sauti ni shida nyingine. Nilipomaliza darasa la nane mwaka jana, Sista aliniambia kuwa akili ninazo, ila mwalimu anayesikika benchi la kwanza tu atafundisha benchi la kwanza tu. Sitaki kulifikiria sasa. Kwanza korongo.

Jumanne, 3 Agosti

Mbuke amekuja kuchota maji. Ni binti wa Baba Mdogo, umri wetu ni mmoja, na shule aliiacha darasa la pili. Alimwona korongo. Akatua mtungi, akapiga ule ukelele wa kuamia ndege shambani wakati wa mtama, hooyaaa, na kumtupia bonge la udongo. Korongo akaondoka. Mbuke akaniambia nifanye hivyo kila akija, basi, kazi imekwisha.

Nilimshukuru. Lakini kuamia ndege ni kazi ya watoto walioketi juu ya dungu. Msichana aliyemaliza darasa la nane hawezi kusimama nyuma ya nyumba akipiga kelele majirani wakisikia. Tena si njia ya kudumu, kwa sababu mchana korongo alirudi, na Mbuke alikuwa kwao. Kinachotakiwa ni mpango.

Mpango ninao. Nimechukua bwelasuti ya Baba ya mgodini, nimeijaza nyasi, nimeweka kibuyu badala ya kichwa na juu yake kofia yake ya chuma. Korongo ataona mchimbaji.

Kulikuwa na tatizo moja. Sanamu likisimama ukingoni, upepo wa Agosti unaliangusha. Lazima lisimame ndani ya maji, na kuta za Baba hazina mahali pa kuweka hata unyayo. Nimeshika sururu alasiri nzima. Ukuta wa upande wa mashariki nimeuteremsha taratibu mpaka umekuwa mteremko mzuri, na chini yake nimeacha kibaraza chenye maji ya kufika kifundo cha mguu. Sasa mtu anaweza kuingia bwawani na kutoka bila taabu. Sijui kwa nini Baba hakulifikiria hili.

Jumatano, 4 Agosti

Korongo amekuja, amelitazama sanamu, kisha ameteremka kwenye mteremko kwa hatua za mtu anayeingia kanisani Misa ikiwa imeshaanza. Amesimama kibarazani, bega kwa bega na sanamu, akaanza kula. Juzi alikuwa anasimama juu na kutazama tu. Nadhani sanamu limemchokoza.

Jambo baya zaidi ni la Mzee Kalisti, jirani yetu. Macho yake yamepungua nguvu. Asubuhi alipita njiani akamwona Baba amesimama majini, akamsalimu: Mwangaluka. Baba hakujibu. Akauliza habari za watoto, za ng'ombe, za pamba. Kimya. Akarudia yote kwa Kiswahili, labda Baba amezoea lugha ya mgodini. Kimya.

Huku kwetu mtu akisalimiwa husimamisha jembe hewani ajibu. Mzee Kalisti alikwenda nyumba kwa nyumba akisema Mihayo, yaani Baba, amepata samaki, na sasa salamu za watu zinamchafulia maji.

Baba alikuwa shambani, anachuma pamba. Aliporudi aliwakuta wazee wawili wanamsubiri uani na nyuso za msiba. Habari ya sanamu hawakuiamini. Baba alibaki uani, na wazee wakamleta Mzee Kalisti bwawani kwa mkono, wakamwambia alishike. Alilishika mkono kwa heshima. Mkono ukatoka.

Ilibidi Baba apeleke mtungi wa pombe kwa Mzee Kalisti, akae, asalimiwe upya tangu mwanzo, na kujibu kila kitu, pamoja na habari za pamba. Tena amemwalika karamu ya tarehe 15. Bwelasuti imerudi ndani. Baba hakunigombeza. Aliuliza tu kama samaki wapo. Nikasema wapo.

Ijumaa, 6 Agosti

Mpango mpya: mwanga. Ndege huogopa kitu kinachometameta, nilisikia hivyo shuleni, au niliota. Nimetundika kioo cha Mama kwenye mti niliouchomeka kibarazani, pamoja na vifuniko vya makopo. Upepo ukipita vinang'aa mpaka macho yanauma.

Pia nimebadili mahali pa kulishia. Zamani Baba alitupa pumba katikati, na samaki walikuwa hawaonekani. Sasa nawamwagia palepale kibarazani, kwenye maji machache, ili niwaone vizuri na kujua hali zao. Wamezoea upesi. Wakisikia nyayo kwenye mteremko wanakuja wote.

Mbuke amenikuta nikiwalisha. Ameuliza kama napika au naandaa meza. Sikumwelewa na sikuuliza.

Jumapili, 8 Agosti

Korongo wawili.

Mwanzoni nilidhani mmoja ni yule wa kwenye kioo. Lakini wote wawili walikuwa wanakula. Yule wa kwanza alimaliza mapema, akasogea mbele ya kioo, akajinyoosha manyoya ya kifuani, akageuka, akajitazama ubavuni. Alikaa hapo mpaka kengele ya Misa.

Wakati huohuo Mama alikuwa anatafuta kioo chake nyumba nzima. Amekwenda kanisani kitambaa kikiwa upande. Mbuke akamwambia mbele ya watu asihangaike, kioo kipo, kimeazimwa na wanaokihitaji zaidi. Mama amekichukua mwenyewe, akakifuta matope kwa kanga yake. Ni afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 9 Agosti

Mjomba Mageni amekuja kutusalimu. Ni mmoja wa Bayeye, wale wacheza ngoma ya nyoka. Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza kwa makini, maana alikuwa amekaa karibu. Akasema korongo hawezi kutua mahali penye nyoka, na kwamba ataniazima Hakimu.

Hakimu ni nyoka mwembamba, urefu wa mkono na nusu, ambaye Mjomba amecheza naye ngoma tangu mavuno ya mwaka juzi. Wanasema kwenye mashindano amewahi kuwakimbiza wapiga ngoma wa upande wa pili peke yake. Hana sumu. Nilimuuliza Mjomba kama korongo analijua hilo. Akasema korongo atalijulia wapi.

Amempaka dawa ya kutotoroka, akamlaza kibarazani, akamsemesha kidogo kwa sauti ya chini kama mzazi anayemwacha mtoto shule ya bweni. Kisha akaondoka akisema atampitia Jumatano.

Hasara ndogo: choo chetu kiko upande huo. Tangu mchana Mama na Mbuke wanakwenda kwa Mzee Kalisti. Mzee Kalisti amefurahi, anasema kwake kumechangamka.

Jumatano, 11 Agosti

Dawa ya Mjomba ni ya kweli. Hakimu hakutoroka.

Korongo alikuja asubuhi, akamwona Hakimu, akainamisha kichwa upande huu, akainamisha upande ule. Nilikuwa dirishani. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo, na nakumbuka niliwaza kwamba Mzee Kalisti yuko uani kwake na atasikia. Nilipomaliza kuwaza, Hakimu alikuwa mkia tu.

Mjomba alifika saa ya chakula na kikapu chake. Akauliza Hakimu yuko wapi. Nikamwonyesha korongo, juu ya mti.

Hakulia. Alikaa chini, akavua kofia. Akaniuliza kama Hakimu alipigana. Nikasema alipigana sana. Mungu anisamehe. Mama akampa uji, akanywa, akasema hajawahi kufiwa na mchezaji kwa namna hii, wengine walikufa kwa uzee. Mbuke, aliyekuwa amesimama mlangoni, alimpa pole vizuri kabisa, kisha akauliza kama sasa tunamfuga korongo, maana ndani yake kuna mtu wetu.

Mjomba atakuja Jumapili naye. Si kwa ajili ya samaki. Anataka kumwona korongo uso kwa uso.

Ijumaa, 13 Agosti

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa kutegemea vitisho. Kinachotakiwa ni kizuizi. Wafugaji wetu huzungushia zizi miiba, na fisi hapiti. Tangu jana nimekata matawi ya mgunga na kuyalaza juu ya bwawa zima. Mikono imechanika, na gauni langu la shule sasa ni la kazi.

Limefunikwa lote, hakuna anayeweza kutua. Nimeacha wazi mteremko tu, kwa sababu nahitaji njia ya kuwalisha.

Alasiri korongo wote wawili walitua mbali, karibu na mwembe wa Mzee Kalisti. Wakaja kwa miguu mpaka kwenye mteremko, wakateremka mmoja nyuma ya mwenzake. Mbuke alijaribu kuwatupia udongo kutoka upande wa pili, lakini mabonge yote yalinasa kwenye miiba. Akaniambia, "Mwalimu, umewajengea na paa."

Jina hili la mwalimu analisema kwa namna ambayo sipendi.

Jumamosi, 14 Agosti

Baba amekuja kuwaona samaki wa karamu. Ameondoa matawi machache akachungulia. Akatupa pumba. Perege mmoja akatokea, yule mkubwa mwenye doa mgongoni. Tukasubiri wengine.

Baba akauliza wengine wako wapi. Nikasema huenda wanaona aibu.

Kisha akauona mteremko. Alikuwa hajauona, maana tangu pamba ianze hafiki bwawani. Aliutazama kwa muda, nadhani kama alivyokuwa anatazama mwamba uliomlia siku nyingi bila dhahabu. Akauliza ni nani aliyewachimbia korongo ngazi. Nikamweleza kwamba ilikuwa ya sanamu. Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani. Nikamsikia akimwambia Mama atayarishe sanduku langu. Sikusikia kama alisema la wapi, lakini sanduku la chuoni halitayarishwi kwa sauti ile.

Nimeketi kibarazani mpaka jioni, miguu majini. Yule mwenye doa alikuja akanigusa kidole. Watoto wa Shangazi ni wanne. Wa tano yuko njiani.

Jumapili, 15 Agosti

Nitaandika kwa utaratibu ilivyotokea.

Baada ya Misa walikuja Sista Benigna, Mzee Kalisti na Mjomba Mageni. Mama alikuwa amepika ugali na mchuzi wa karanga, na sufuria ya samaki ilikuwa jikoni, mafuta yamechemka, haina samaki. Baba aliwaalika wageni waone bwawa kwanza. Alikuwa na wavu mkononi. Nadhani alitaka aibu ipite upesi.

Mzee Kalisti alitangulia. Alipofika ukingoni alisimama na kusema karibu sana Sista, pole na njia, habari za misheni. Sista alikuwa nyuma yake. Aliyesalimiwa alikuwa korongo, amesimama kwenye mteremko, shingo imenyooka. Mzee Kalisti alingoja jibu. Korongo akashuka kibarazani.

Yule mwenye doa akasikia nyayo, akaja. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo.

Korongo akamnyakua. Nilimwona akiwa mdomoni, anapiga mkia. Huyo alikuwa chuo changu chote, na alikuwa amenigusa kidole.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilipiga hooyaaa. Ilitoka mara moja na ikaendelea. Mama aliangusha mwiko jikoni. Ng'ombe wa Mzee Kalisti walisimama wakageuka. Mbuke anasema aliisikia akiwa kisimani na alidhani ni yeye. Korongo alitaka kuruka, akagonga miiba, akaogopa, akafungua mdomo. Perege akaruka hewani na kumwangukia Mzee Kalisti miguuni.

Mzee Kalisti akasema asante.

Nilijifunika uso kwa kanga. Nikamsikia Sista akisema taratibu kwamba hilo ni benchi la mwisho, na darasa la jirani, na pengine parokia ya jirani. Mjomba alikuwa anatikisa ngumi angani na kumwita Hakimu.

Perege mmoja amegawanywa kwa wote. Kichwa alipewa Sista. Mjomba hakula, alisema hawezi kujua samaki huyu alikuwa anafahamiana na nani. Mzee Kalisti alitafuna kipande chake na kusema hata mtu mwenye macho hawezi kukiona, lakini ni kitamu.

Baba alikula polepole. Akasema alisema samaki afike mezani, na wote wameshuhudia kuwa amefika, tena alikuja mwenyewe. Sista akaeleza kwamba chuo kitafunguliwa Januari, ila naweza kwenda misheni mapema nikasaidie madarasa ya chini. Baba akauliza mapema ni lini. Sista akasema hata wiki hii. Baba akanitazama, akatazama upande wa bwawa, akasema kesho ni vizuri zaidi, kabla sijafika na sururu kwenye kisima.

Jumatatu, 16 Agosti

Naondoka mchana. Sanduku limefungwa na ni la misheni.

Nimemwomba Mzee Kalisti radhi kwa kelele za jana. Amesema hakuna neno, ila ng'ombe mmoja hajatoa maziwa. Naona aibu kubwa na sitarudia. Ni wazi kwamba korongo alishindwa na miiba. Kama nisingeweka miiba asingegonga, na kama asingegonga asingemwachia samaki. Mpango ulifanya kazi, ulichelewa kidogo tu.

Nimemwachia Mbuke maelekezo, kwa kuwa bwana samaki ameahidi vifaranga vingine. Asipige ukelele, korongo watazoea. Alishie palepale kibarazani. Nafasi ikipatikana, kuta tatu zilizobaki nazo ziteremshwe, ili samaki wapate jua. Amesikiliza yote na kusema, "Sawa, mwalimu." Leo amelisema vizuri kidogo.

Baba yuko bwawani tangu alfajiri, anajaza udongo kwenye mteremko wangu na kuushindilia. Anapiga kwa nguvu zote. Najua ni majonzi ya kuniaga.

Sista ameniambia kuwa misheni nao wana bwawa la samaki, kuta zake ni za mawe, wima kabisa. Nilimuuliza kama naweza kwenda na sururu. Hakusikia. Nimeifunga chini ya sanduku.